Kulipa kiingilio kutazama CD? Mi siendi tena!

Wiki hii mnivumilie, maana nina dukuduku la miezi kadhaa kifuani na leo nalitoa lote. Atakayekasirika na akasirike.

Ilikuwa Julai iliyopita, hapa hapa Karatu. Wenyeji mnaijua Julai yetu: baridi inashuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka unatamani kulala na viatu. Gari la matangazo lilikuwa limezunguka wiki nzima, kuwa staa mmoja kutoka Dar (jina kapuni, sitaki kesi) anakuja kuangusha shoo "laivu, laivu, laivu". Kiingilio shilingi 10,000. Mfukoni nilikuwa na 23,000 nilizopata kwa kubeba magunia ya vitunguu Mang'ola. Nikasema potelea mbali, nikamchukua na binti mmoja niliyekuwa namfukuzia tangu Pasaka. Tukaingia.

Staa akapanda jukwaani saa saba kasoro usiku. Nyuma yake hakuna gitaa, hakuna drami, hakuna hata kayamba. Kuna mshikaji mmoja na kompyuta. Ngoma ikaanza, na sauti ya staa ikaanza kuimba wakati mwenyewe bado anaweka sawa miwani yake ya jua. Miwani ya jua saa saba usiku, jamani! Wimbo wa pili akanywa maji, sauti ikaendelea kuimba. Wimbo wa tatu akatuelekezea maiki sisi tuimbe, na sisi tukaimba, maana hela yetu ilishaliwa. Nyimbo tano, "Karatu nawapenda sana", huyo kwenye Prado.

Binti akaniuliza: "Sasa hii si ipo kwenye simu yangu?"

Sikuwa na jibu. Na kwa taarifa yenu, huyo binti siku hizi yuko na jamaa mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Tangu usiku ule najiuliza: hivi mtu anayelipa kwenda kutazama muziki laivu analipia nini hasa? Sauti safi ipo redioni, bure. Kwenye simu ipo, tena unaweza kuirudia. Basi elfu kumi yangu ilikuwa ya nini?

Mjomba wangu ndiye aliyenifungua macho, bila hata kujua. Ni dereva wa watalii, zaidi ya miaka ishirini anashusha wageni kreta. Zamani alikuwa na boksi la kaseti chini ya kiti, siku hizi ana flashi. Ukipanda gari lake stendi ya Karatu hadi geti la Lodoare, ni DDC Mlimani Park Orchestra tu, wana Sikinde wenyewe. Ukimwomba Bongo Fleva anaongeza sauti ya Sikinde. Ndo nilivyokua. Nikiwa darasa la nne nilikuwa najua Hassan Bitchuka anaingia wapi kabla sijajua jedwali la saba.

Kuna safari moja nilikwenda naye kama msaidizi wa mpishi. Tukalala kambi ya Simba, juu kabisa ukingoni mwa kreta, pale ambapo ugali unapoa kabla haujafika mdomoni. Kati ya wageni alikuwapo mzee mmoja wa Kiingereza, nywele nyeupe kazifunga nyuma, fulana imepauka ina ule mdomo wa Rolling Stones. Mjomba akaacha mlango wa gari wazi, Sikinde wanaporomosha taratibu. Yule mzee akaweka sahani chini. Akauliza: hapo kuna magitaa mangapi?

Mjomba akamwambia asikilize mwenyewe. Mzee akafumba macho, akahesabu kwa vidole: solo, la pili linalomjibu solo, rithimu, na besi chini kabisa. Kiingereza changu ni cha fomu foo, lakini usiku ule tulielewana hadi moto ukazimika.

Akaniambia alikuwapo Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, kwenye lile tamasha la Live Aid la kuchangia njaa ya Ethiopia. Watu kama 72,000. Queen walipewa dakika ishirini hivi, wapige na washuke. Hakukuwa na giza wala taa za kubabaisha, ilikuwa jioni ya jua. Yule mwimbaji akawa anatupa sauti, uwanja mzima unamrudishia, anatupa nyingine ngumu zaidi, wanarudisha. Mpaka leo watu wakipanga shoo kali za roki za wakati wote, ile haikosekani.

Mjomba, ambaye kumbe alikuwa anasikiliza, akadakia: "Huyo si mtoto wa Unguja?"

Ndiye. Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi. Alisoma India, akarudi Zanzibar, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Alifariki Novemba 1991. Mzee wa Kiingereza alikuwa anajua yote hayo. Asichojua ni kwamba mwaka huo huo wa 1964 Dar es Salaam ilizaliwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ambayo ikaja kuwa JUWATA, halafu OTTU, halafu Msondo Ngoma. Rolling Stones walianza 1962. Yaani Msondo na Stones ni rika moja, tofauti ni miaka miwili tu, msinitishe na hao wazungu wenu!

Tangu safari ile nimesikiliza sana roki, bando langu limeishia huko. Maoni yangu? Stones nawakubali, maana magitaa yao mawili yanafumana kama solo na rithimu za kwetu, hujui nani kaanza nani kamalizia. Charlie Watts, mpiga drami wao, alifariki 2021, lakini wenzake walitoa albamu mpya 2023 na mwaka uliofuata wakaingia barabarani kupiga shoo, wazee wa miaka themanini. Led Zeppelin ni wakali, hilo sipingi, ila drami zikiachiwa peke yake kule jukwaani unaweza kwenda kununua chipsi, ukala, ukarudi, jamaa bado anatwanga. Queen kwangu ni namba moja, na si kwa sababu ya Unguja. Ni kwa sababu wale hawakuhitaji kitu zaidi ya watu wanne na maiki inayosikika.

Lakini nataka niwarudishe nyumbani, maana hapa ndipo uchungu ulipo.

Desemba iliyopita nilikuwa Arusha, nikaingia baa moja yenye bendi. Kiingilio 5,000. Jukwaani wazee watupu, mpuliza saksafoni amekaa kwenye kiti cha plastiki. Wanapiga kopi za zamani: Vijana Jazz, Maquis, Marijani Rajabu. Unajua muziki wa dansi unavyokwenda. Kwanza mashairi yanasemwa taratibu, mtu anamlilia mkewe au anamsuta rafiki, halafu mambo yanageuka, magitaa yanachanganya, tumba zinarindima, hakuna tena maneno mengi, ni kucheza tu. Walipofika hapo kwenye chemko, waya wa gitaa la solo ukakatika. Paaa! Nikauona unaning'inia.

Mpiga solo hakusimamisha wimbo. Alimtazama wa rithimu, mara moja tu. Yule wa rithimu, aliyekuwa amelala usingizi wa macho usiku kucha, akapanda juu akaanza kucharaza solo yake mwenyewe, besi ikamfuata, saksafoni ikainuka kitini ikaingia katikati. Mzee wa solo akachuchumaa nyuma ya spika anafunga waya mpya kwa mwanga wa simu. Aliporudi, wakakimbizana wote wawili. Mama mmoja mnene akaenda kumbandika mzee noti ya elfu kumi kwenye paji la uso. Wimbo ambao kwenye kaseti ni dakika sita ulikwenda robo saa, na mi nilikuwa nimesimama juu ya kiti bila kujua nimepandaje.

Hicho ndo ninacholipia, wasomaji wangu. Kwamba waya unaweza kukatika.

Yule wa kompyuta wala hana cha kukatika. Akipiga Karatu, Babati au Bukoba, ni ile ile, hata pumzi zinavutwa pale pale.

Bendi zetu kongwe hazikuwa na njia ya kuzuga. Walirekodi Radio Tanzania, wimbo ukasikika nchi nzima, lakini pesa ya sahani na kaseti haikuwafikia, kaseti zikidurufiwa mitaani kama karanga. Walichokula kilitoka mlangoni, kwenye kiingilio. Ukipiga vibaya Jumamosi, Jumamosi ijayo ukumbi mtupu. Ndo maana Sikinde, walioanza 1978, na Msondo waligombea mashabiki kama Simba na Yanga, na wanamuziki wakahamahama kama wachezaji. Muhidin Gurumo mwenyewe alitoka Juwata akawa mmoja wa waanzilishi wa Mlimani Park, akaenda Safari Sound kwenye Ndekule, akarudi tena Msondo. Alifariki Aprili 2014.

Na msidhani ni mambo ya Dar peke yake. Ndugu Wilson na George Kinyonga, watoto wa Tanga, walikuja Arusha 1970 wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka Namanga kwenda Nairobi kwenye studio na kampuni za sahani, wakawa Simba Wanyika. Wengine wakajitenga 1978 wakazaa Les Wanyika, wale wa "Sina Makosa". Wakenya leo wanajidai nao. Walianzia mwendo wa saa mbili na ushee kutoka hapa nilipokaa, sisi tukawaacha waende.

Sasa nina rafiki hapa Karatu, mpiga gitaa. Kajifunza kwa sikio, kwa kaseti za mjomba wangu zile zile, mpaka kidole chake kina sugu kama kisigino. Kazi aliyopata ni hotelini, usiku wageni wakila: "Jambo Bwana", halafu "Malaika", halafu "Jambo Bwana" tena. Hakulalamika, bakshishi ilikuwapo. Ilipofika 2020, corona ikafunga watalii, hoteli zikawa kimya. Akauza amplifaya, mwezi uliofuata akauza gitaa. Wageni wamerudi siku nyingi, gitaa halijarudi. Yuko bodaboda, ukimhitaji anakaa stendi.

Mjomba akimwona humtajia Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, aliyekuwa anajaza kumbi, na miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki 1995 alikuwa anauza kaseti Kariakoo. Sijui kama anadhani anamfariji. Mi nimemwambia aache.

Nilipiga hesabu za ule usiku wa miwani ya jua. Tulikuwa kama watu mia tatu, kila mmoja elfu kumi. Hiyo ni milioni tatu. Kwa milioni tatu unanunua magitaa mawili, drami za kuazima unapata kanisani, na chenji inabaki. Ile hela ilikuwapo, Karatu hii hii, mifukoni mwa watu wa vitunguu na watu wa bodaboda, tukamkabidhi mtu na kompyuta yake.

Wiki mbili zilizopita nilimwazima rafiki yangu gitaa la kwaya ya mtaani kwetu (mwalimu wa kwaya hajui linakwenda wapi Jumamosi, msimwambie). Anapiga baa moja nyuma ya soko, yeye, kijana wa tumba na mzee mmoja wa besi aliyestaafu ualimu. Jumamosi ya kwanza tulikuwa kumi na mmoja, kumhesabu na mlinzi. Jumamosi iliyopita kumi na tisa. Kiingilio hakuna, unanunua soda yako au bia yako unakaa. Kwenye chemko bado wanapotezana, besi inafika kabla ya wengine na kuwasubiri mlangoni.

Mi nakaa meza ya nyuma, karibu na jiko la nyama, kwa sababu ya baridi. Nimenunua waya za akiba, ziko mfukoni. Tukutane wiki ijayo.