Muvi ya vita ya Eastleigh ambayo Eastleigh yenyewe haijaiona

Hebu nitajie muvi za vita ulizotazama. Najua utaanza na Saving Private Ryan, uje Black Hawk Down, halafu 1917 kwa sababu kuna msee alikusumbua mpaka ukaitazama. Poa. Sasa niambie kama umewahi kutazama Eye in the Sky. Kila ninayemuuliza mtaani ananiangalia kama nimetaja dawa ya kikohozi. Na cha kushangaza, vita vya muvi hiyo vinapiganwa hapa hapa Nairobi.

Mimi mwenyewe niliipata kwa bahati tu. Jamaa anayeniwekea muvi kwa flash alijaza nafasi iliyobaki na kitu ambacho sikuwa nimeitisha. Niliifungua saa nne usiku nikidhani nitalala katikati. Wapi! Saa saba bado nilikuwa macho, nikibishana na ukuta.

Onyo: nitafichua mwisho. Kama hutaki, toka sasa, katazame, kisha urudi.

Ilionyeshwa mara ya kwanza Septemba 2015 kwenye tamasha la filamu la Toronto. Mwelekezi ni Gavin Hood wa Afrika Kusini, yule yule aliyetengeneza Tsotsi iliyoshinda Oscar. Hadithi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Kanali wa Uingereza, anayeigizwa na Helen Mirren, amewasaka magaidi fulani kwa miaka. Siku hiyo wako ndani ya nyumba moja Eastleigh. Mpango ni wakamatwe tu. Lakini kamera ndogo iliyoundwa mfano wa mdudu inaingia ndani na kuonyesha vijana wawili wakivalishwa fulana za mabomu. Mpango unabadilika hapo hapo: kombora lishushwe na ndege isiyo na rubani, ambayo rubani wake ameketi Nevada, Marekani, kwenye kiti kama cha mchezaji wa gemu.

Halafu msichana mdogo anaitwa Alia anakuja na meza yake, anaiweka kando ya ukuta wa nyumba ile, anaanza kuuza mikate.

Hiyo ndiyo muvi. Nakwambia ukweli, sijawahi kutazama mikate nikiwa na presha namna ile. Kila mteja akija unahesabu: imebaki mingapi? Unataka watu wanunue. Unamshikia Alia dua kama vile ni mechi ya Harambee Stars dakika ya tisini. Kuna jasusi wetu pale chini, Jama, anayeigizwa na Barkhad Abdi, yule Msomali uliyemwona kwenye Captain Phillips. Jama anajaribu kununua mikate yote ili mtoto aende nyumbani. Anashtukiwa, inabidi akimbie, mikate inabaki chini. Alia anaiokota, anaipanga upya mezani. Biashara ni biashara. Ungefanya nini, wewe? Mama yako amekutuma uuze, utarudi kejani na mikate michafu au na pesa?

Watu huniambia haina vita ndani yake. Kweli, ukihesabu risasi ni chache. Lakini vita vya sasa ndivyo vilivyo: watu wanne au watano ndani ya vyumba vyenye viyoyozi, nchi tofauti, wote wakitazama paa moja la mabati. London kuna mawaziri mezani na Luteni Jenerali, ambaye ni Alan Rickman katika moja ya kazi zake za mwisho kabla ya kufariki Januari 2016. Hakuna anayetaka kuwa ndiye aliyesema ndiyo. Swali linapelekwa kwa Waziri wa Mambo ya Nje, ambaye yuko Singapore na tumbo linamsumbua vibaya. Linapelekwa kwa mkubwa wa Marekani, anapatikana China akicheza tenisi ya meza na anakasirika kwamba amesumbuliwa kwa jambo dogo. Utacheka, halafu utaona aibu kwa kucheka.

Kuna sehemu moja ambayo ningeipa tuzo peke yake. Sheria inadai uwezekano wa mtoto kufa uwe chini ya asilimia 50. Kuna sajini ambaye kazi yake ni kupiga hesabu hiyo. Kwa uaminifu wake, namba haishuki. Kanali anamsimamia, anamwambia ajaribu kusogeza pale kombora litakapoangukia, ajaribu tena, mpaka inapatikana asilimia 45. Hamtishi, hamtukani. Anamwomba tu kwa sauti ya mkubwa wake wa kazi. Na yule kijana anajua kabisa anachofanya. Kama umewahi kufanya kazi mahali bosi anakuambia "iangalie tena hiyo ripoti", utamwelewa sajini yule kuliko wakosoaji wote wa filamu wa Marekani.

Sasa wacha niwe mkweli, kwa sababu muvi hii ina dhambi zake. Eastleigh ya humu si Eastleigh. Walipiga picha Afrika Kusini, na inaonekana. Kuna wanamgambo wenye bunduki wanaozunguka barabarani na gari lililofungwa bunduki kubwa nyuma, mchana peupe, kana kwamba serikali iliuza mtaa. Wewe umeshuka First Avenue Jumamosi. Ulichokiona ni mikokoteni, mitumba ya ngozi, simu, vitambaa, wanawake wanaokupigia hesabu ya bei kichwani kabla hujamaliza kuuliza, na msongamano ambao hata gari la bunduki lisingepita. Rafiki yangu wa Section Three alizima laptopu kwa hasira alipofika hapo. "Hawa walituona kwenye ramani tu," alisema. Sikuwa na la kumjibu.

Lakini aliiwasha tena. Na kilichomrudisha ndicho kinachonifanya niiandike hapa. Tazama ni nani anaulizwa. London, Singapore, Beijing, Washington. Wanasheria wanabishana kama inaruhusiwa kupiga mji wa nchi rafiki ambayo hamna vita nayo. Nchi hiyo ni yetu! Wanajeshi wetu wamo, wako tayari pembeni, wakisubiri amri. Lakini hakuna waziri hata mmoja wa Kenya anayeonekana kwenye skrini akiamua chochote. Sijui kama mwandishi, Guy Hibbert, alikusudia tuone hivyo. Mimi niliona.

Na usidhani swali lenyewe ni rahisi kwetu. Muvi hii ilitoka mwaka ule ule ambao watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, na miaka miwili baada ya Westgate, ambako walikufa 67. Kwenye muvi wanakadiria kwamba vijana wale wakitoka na fulana zao, watu 80 wanaweza kufa, pengine ndani ya duka kubwa kama lile. Mzungu wa Ohio anaweza kutazama hayo kama fumbo la darasani. Wewe unajua watu waliokuwa Westgate siku hiyo. Labda pia unajua mtoto anayeuza mandazi nje ya geti. Nikiwa kitandani, saa saba usiku, nilipiga kelele "piga!" kisha dakika mbili baadaye nikasema "ngoja!", na sauti zote mbili zilikuwa zangu.

Oscar hawakuiteua kwa lolote. Sawa, ni mambo yao. Sisi je? Tunajua majina ya mapigano ya Normandy kuliko ya muvi iliyotaja mtaa wetu kwa jina.

Kombora linapigwa. Kisha la pili. Babake Alia, fundi wa baiskeli aliyemtengenezea mpete wa kuchezea kiunoni na kumficha asionekane akicheza na watu wenye msimamo mkali, anambeba mikononi. Wanaomsaidia kumfikisha hospitalini ni wale wanamgambo. Wanaing'oa bunduki yao kubwa kwenye gari, wanaitupa chini, ili mtoto apate pa kulala.

Rafiki yangu wa Section Three hakusema kitu mpaka majina yalipoanza kupanda. Halafu akaniuliza kama ninayo kwa flash, anataka kumpelekea babake.