JE, INAFAA KUNUNUA MSUMENO MKUBWA WA MNYORORO?

Mkulima mwenye miti shambani hufika siku moja akatamani kuwa na msumeno wake mwenyewe. Ameona wapasuaji wakija na misumeno ya mnyororo, ambayo wengi huiita chenso, wakaangusha kwa dakika chache mti ambao kwa shoka ungechukua siku nzima. Akienda dukani huonyeshwa mashine za ukubwa mbalimbali, na mara nyingi jicho lake huvutwa na ile iliyo kubwa kuliko zote. Husema moyoni, "Hii itafanya kazi kubwa, na ndogo pia."

Shauri hilo si jema. Msumeno mkubwa ni chombo cha kazi moja, nayo ni magogo manene. Ukiwa na magogo manene ya kutosha mwaka hadi mwaka, utakulipa. Usipokuwa nayo, fedha yako italala stoo. Yasome maelezo haya kabla ya kutoa fedha, au kabla ya kukopa.

MSUMENO MKUBWA NI UPI?

Ukubwa wa msumeno hupimwa kwa nafasi iliyo ndani ya silinda ya injini, nguvu yake, na uzito wake. Msumeno wa kati unaotumika sana katika mashamba ya miti, kama Stihl MS 382, una nafasi ya sentimita za ujazo 72, nguvu ya kilowati 3.9, na uzito wa kilo 6 na kidogo. Ule mkubwa kabisa, kama Stihl MS 881, una sentimita za ujazo 121.6, nguvu ya kilowati 6.4, na uzito wa kilo 10 hivi. Uzito huo ni wa mashine peke yake. Hapo hujaweka petroli, oili, mnyororo, wala ule upanga mrefu wa chuma ambao mnyororo huzunguka juu yake.

Kwa hiyo nguvu ya ziada huja pamoja na uzito wa ziada. Mtu anaweza kubeba kilo 6 asubuhi nzima akipita kutoka mti hadi mti. Akibeba msumeno mkubwa kwa kazi hiyo hiyo huchoka upesi, na mtu aliyechoka akiwa ameshika msumeno yumo hatarini.

KWANZA PIMA MITI YAKO

Usinunue kwa kukisia. Chukua kamba na futi ya kupimia, uende shambani. Zungusha kamba kwenye shina mahali palipo sawa na kifua chako, kisha upime urefu wa kamba hiyo. Zidisha kwa 7, ugawanye kwa 22, utapata unene wa mti kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kwa mfano, kamba ikiwa sentimita 220, unene wa mti ni sentimita 70.

Andika katika daftari mafungu matatu:

1. Miti yenye unene usiozidi sentimita 40.
2. Miti yenye unene wa sentimita 40 hadi 70.
3. Miti inayozidi sentimita 70.

Wakulima wengi wa mipaina na milingoti katika Njombe na Mufindi wataona kwamba karibu miti yao yote imo katika fungu la kwanza, maana huivuna ikiwa bado michanga. Kwa fungu hilo msumeno mdogo au wa kati watosha kabisa. Fungu la pili ni kazi ya msumeno wa kati. Fungu la tatu peke yake ndilo laweza kuhitaji msumeno mkubwa.

Hata katika fungu hilo la tatu, kuangusha mti ni kazi moja na kupasua mbao ni kazi nyingine. Mkataji aliyefundishwa, mwenye msumeno wa kati na upanga wa sentimita 50, aweza kuangusha mti wenye unene wa sentimita 80 kwa kukata upande mmoja kisha upande wa pili. Lakini kupasua gogo kwa urefu wake hakuna njia hiyo rahisi. Upanga lazima uvuke gogo lote, na fremu ya kuongozea msumeno nayo hula sehemu ya urefu wa upanga. Basi anayetaka kuupasua mti huo kuwa mbao papo hapo ulipoangukia ndiye anayehitaji nguvu kubwa na upanga mrefu.

KAZI ZISIZOFAA MSUMENO MKUBWA

Usinunue msumeno mkubwa kwa ajili ya kazi hizi:

Kupogoa matawi ya miti ya kivuli. Kazi hii hutaka chombo chepesi, na juu ya mti msumeno wa kilo 10 ni hatari tupu.

Kukata mikahawa iliyozeeka ili ichipue upya. Msumeno wa mkono mkali, wenye meno mazuri, hufanya kazi hii bila kupasua kisiki.

Kukata kuni, nguzo na fito. Mti mwembamba hauhitaji nguvu hiyo, nawe utachoma petroli bure.

Kung'oa visiki. Msumeno wa mnyororo haung'oi mizizi. Meno yakigusa udongo au jiwe mara moja tu hupoteza ukali, na mnyororo mrefu huchukua muda mwingi kunoa. Mnyororo wa kawaida wa upanga wa sentimita 50 una meno ya kukatia 36 hivi. Ule wa sentimita 90 una zaidi ya 50, na kila jino lataka tupa.

KAZI ZINAZOFAA

Zipo kazi ambazo msumeno mkubwa huzifanya vizuri. Ya kwanza ni kupasua magogo manene mahali ambapo hayawezi kuvutwa, kama katika miteremko ya Usambara au Rungwe. Ya pili ni kupasua mbao nene za meza, milango na vitanda kutoka katika mti mkubwa uliozeeka au ulioangushwa na upepo. Ya tatu ni kugawa gogo nene katika mapande manne, ili yaweze kupita katika zile mashine ndogo za kupasulia mbao ziitwazo dingidongi, ambazo haziwezi kula gogo nene.

Kwa kazi ya kupasua tumia mnyororo uliotengenezewa kupasua. Meno ya mnyororo wa kukatia kwa kawaida hunolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi. Ya kupasulia hunolewa kwa digrii 10 hivi, nayo hutoa mbao laini zaidi.

ANGALIA MBAO ZINAZOGEUKA VUMBI

Kila mara msumeno unapopita katika gogo, sehemu ya mbao hugeuka vumbi. Mnyororo wa msumeno mkubwa hula karibu milimita 10 kila unapopita. Mashine yenye utepe mwembamba wa msumeno hula milimita 2 au 3 tu.

Hesabu hii ni rahisi. Chukua pande la mti lenye unene wa sentimita 35, ulipasue kuwa mbao za milimita 25. Kwa msumeno wa mnyororo kila ubao huchukua milimita 35, yaani 25 za mbao na 10 za vumbi. Utapata mbao 10. Kwa mashine ya utepe inayokula milimita 2 na nusu, utapata mbao 12. Kwa hiyo kama gari laweza kufika shambani, na mashine ya utepe ipo karibu, ni afadhali kupeleka gogo huko. Msumeno wa mnyororo uutumie kwa mbao nene, maana kadiri ubao unavyokuwa mnene ndivyo vumbi linavyokuwa sehemu ndogo ya mti.

PIGA HESABU YA SIKU

Sasa jiulize: kwa mwaka mmoja nitakuwa na siku ngapi za kazi ya magogo manene? Bei hubadilika kila mara, kwa hiyo hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Weka bei za mahali pako.

Tuseme msumeno ni shilingi 4,000,000, nawe wategemea kuutumia miaka 5. Hiyo ni shilingi 800,000 kwa mwaka. Minyororo, upanga, plagi na matengenezo ni shilingi 400,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 1,200,000 kila mwaka. Kisha kila siku ya kazi utalipa petroli, oili na ujira wa mkataji, tuseme shilingi 60,000.

Tuseme pia kwamba kumkodi mtu mwenye msumeno mkubwa, pamoja na petroli yake, ni shilingi 120,000 kwa siku. Basi kwa kuwa na msumeno wako waokoa shilingi 60,000 kila siku ya kazi. Gawanya 1,200,000 kwa 60,000, utapata 20. Mpaka ufikishe siku 20 kila mwaka, kukodi ni nafuu kuliko kumiliki.

Mkulima mwenye siku 3 tu za kazi hiyo atalipa shilingi 360,000 akikodi. Akimiliki, siku hizo hizo 3 zitamgharimu shilingi 1,380,000. Tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja, nayo yaweza kununua mbolea na mbegu, au kulipa karo.

Usisahau petroli. Tangi la msumeno mkubwa huchukua lita 1.3 hivi, na katika kupasua, ambapo injini hufanya kazi kwa nguvu zake zote, tangi hilo huisha kabla ya nusu saa.

DENI HUKATA MITI MICHANGA

Jambo hili litazamwe sana na mwenye kununua kwa mkopo. Marejesho ya mkopo hayangoji mti ukue. Mwenye deni akikosa magogo manene hushawishika kukata miti yake kabla ya wakati. Mti ambao kwa miaka michache zaidi ungetoa mbao nzuri huuzwa kama nguzo kwa bei ndogo, na mashine iliyonunuliwa ili kuongeza faida ya shamba huwa ndiyo iliyolimaliza shamba.

HATARI YA KAZI

Msumeno mkubwa hauna huruma. Ncha ya juu ya upanga ikigusa mti au tawi, msumeno huweza kuruka nyuma kuelekea uso wa mkataji kwa kasi ambayo hawezi kuizuia. Kwa hiyo nunua wenye breki ya mnyororo. Mashine nyingine kubwa za muundo wa zamani hazina breki hiyo, na nakala za bandia ni nyingi sokoni. Kelele yake huharibu masikio, na mtetemeko wake wa siku nyingi huharibu mishipa ya vidole.

Weka katika hesabu yako bei ya kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, glavu, viatu imara, na suruali ya kuzuia mnyororo. Asiyeweza kununua vitu hivi hawezi kununua msumeno. Mkataji awe amefundishwa, na asifanye kazi peke yake. Mti ulio katikati ya mazao uangushwe baada ya mavuno.

Changanya petroli na oili kama kitabu cha mashine kinavyoagiza. Kwa oili nzuri kipimo huwa sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa lita 5. Mnyororo upewe oili yake safi, si oili chafu iliyotolewa katika gari.

SHERIA

Kuwa na msumeno si ruhusa ya kukata. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inalinda miti ya asili ya thamani, kama mvule na mninga. Usiiguse hata kama imeota shambani mwako, mpaka umepata kibali. Mwone Afisa Misitu wa Wilaya kabla ya kununua, umwulize habari za kusajili msumeno, kibali cha kukata, na kibali cha kusafirisha mbao.

KUNUNUA KWA USHIRIKA

Ambapo mkulima mmoja ana siku 3, wakulima 8 wana siku 24, na hesabu yetu ya siku 20 imetimia. Kikundi cha wapanda miti chaweza basi kumiliki msumeno mmoja, kwa masharti haya: mkataji awe mmoja aliyefundishwa, au wawili, msumeno utunzwe mahali pamoja, kila siku ya kazi iandikwe daftarini, na kila anayeutumia alipe sehemu yake ya matengenezo papo hapo, si baada ya kuuza mbao. Msumeno wa watu wote usio na daftari huharibika upesi, na hakuna anayekubali kuutengeneza.

KWA UFUPI

Nunua msumeno mkubwa ikiwa umepima miti yako na kuona ya fungu la tatu ni mingi. Ikiwa siku za kazi zinazidi hesabu yako kila mwaka, wala si mwaka huu tu. Ikiwa fundi na vipuri vipo karibu. Na ikiwa unaye mkataji aliyefundishwa. Likikosekana moja kati ya hayo, nunua wa kati, na mti mnene ukitokea, mkodi mwenye msumeno mkubwa. Daftari lako la vipimo mpelekee Bwana Shamba au Afisa Misitu, mlitazame pamoja kabla hujakwenda dukani.