Kupandisha Maji ya Mto Hadi Bustanini

Mkulima, huenda shamba lako ni miongoni mwa yale yanayoteremka kutoka nyumbani hadi mtoni. Nyumba iko juu, maji yako chini. Kiangazi kikifika sukumawiki hukauka, na huku mto unauona ukiwa umesimama mlangoni.

Katika kiangazi kila mita moja ya mraba ya mboga huhitaji kama lita 5 za maji kwa siku. Bustani ya mita 20 kwa 10 basi huhitaji lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Mama na watoto hawawezi kupanda kilima mara 50 kila siku. Yafaa maji yapandishwe kwa pampu. Lakini usinunue pampu kabla ya kupima.

Kwanza, pima urefu wa kilima. Shika pima maji ya fundi mbele ya macho yako ukisimama ukingoni mwa mto. Tazama mbele sawasawa, na mwenzako atie alama pale macho yako yanapogusa mteremko. Nenda ukasimame pale, urudie tena. Ikiwa macho yako yako mita 1.5 kutoka ardhini, na umerudia mara 12 hadi kufika bustanini, kilima chako ni mita 18. Mwambie muuzaji urefu huo, na pia urefu wa bomba lote, kwa sababu bomba refu na jembamba huchosha pampu.

Pili, weka pampu karibu na maji. Pampu husukuma maji mbali, lakini haiwezi kuyavuta mbali. Anayeyainua maji katika bomba la kuvutia ni uzito wa hewa, na hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Pwani pampu nzuri huvuta kama mita 7. Kinangop, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, usitegemee zaidi ya mita 5. Ukiiweka pampu nyumbani, itanguruma bure bila kutoa maji. Kadhalika, tundu dogo katika bomba la kuvutia huingiza hewa na kuizuia pampu kufanya kazi. Tia chujio mwishoni mwa bomba ili mchanga usiingie.

Tatu, chagua pampu kwa kadiri ya mfuko wako. Ya kukanyaga kwa miguu haitaki mafuta, nayo hufaa kilima kifupi. Ya petroli ina nguvu, lakini kila siku inadai fedha. Ya nguvu za jua ni ghali siku ya kununua, kisha haidai mafuta.

Ikiwa mto wako unaanguka kwa kasi, iko pia pampu iitwayo ramu, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1796. Maji huteremka kwa kasi katika bomba la chuma. Vali hujifunga ghafula, na kishindo cha maji husukuma sehemu ndogo yapande juu. Vali hufunguka tena, na kazi huendelea usiku na mchana bila mafuta. Maji yakianguka mita 2 na kilima kikiwa mita 20, katika kila lita 100 kama lita 6 hufika juu. Zilizobaki hurudi mtoni. Ni kidogo, lakini lita 40 zikipita kila dakika, utapata zaidi ya lita 3,000 kwa siku.

Popote utakapochagua, jenga tangi juu ya bustani. Maji yashuke yenyewe, nawe umwagilie asubuhi mapema au jioni. Funika udongo kwa majani makavu ili unyevu usipotee.

Mwisho, kumbuka kwamba mto si wako peke yako. Kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, anayevuta maji ya mto kwa pampu ili kumwagilia anatakiwa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Jiunge na chama cha watumiaji maji cha mto wenu, mpange zamu wakati wa ukame. Usilime ukingoni, wala usimwage petroli karibu na maji. Jirani aliye chini yako anakunywa maji hayo hayo, na ng'ombe wake pia. Ukichota kwa kiasi leo, nawe utapata maji kesho aliye juu yako akichota kwa kiasi.