Geuza Jiwe Kabla ya Kusifu Maji

Ukifika kwenye kinyungu, bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi huko Iringa na Njombe, mwenyeji hukuonyesha kwanza jinsi kijito chake kinavyong'aa. "Tazama, unaona mpaka mchanga wa chini." Kweli, unauona. Nimewahi kusimama kwenye kijito cha namna hiyo, maji maangavu kama ya chupa, nikageuza mawe kumi na saba nisikute mdudu hata mmoja.

Maji hupita. Chupa unayoijaza leo saa nne asubuhi haiwezi kukusimulia dawa iliyomwagika Jumanne, kwa sababu maji ya Jumanne yameshakwenda zake. Oksijeni nayo ina hila. Kijito kilichojaa mwani ulionenepeshwa na mbolea huwa na oksijeni tele saa nane mchana, jua likiwaka, ila kufikia alfajiri imepungua sana, maana usiku mwani hauitengenezi tena bali nao huitumia. Anayepima mchana tu ataandika kwamba hali ni shwari.

Wadudu wa chini ya mawe hawana pa kukimbilia. Hukaa humo wiki nyingi, wengine miezi, kabla ya kuota mabawa, na lolote linalopita linawapitia wao. Ndiyo maana wataalamu wa Afrika Kusini walijenga mfumo wa SASS, unaopima mto kwa viumbe wanaoishi ndani yake, na Tanzania ikapata wake, TARISS, uliotokana na huo. Upo pia mdogo wa watu wa kawaida, miniSASS, wenye makundi 13 tu ya viumbe. Huo hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaumudu.

Unahitaji wavu wa matundu madogo, beseni jeupe, na buti, kwa kuwa konokono wengine hubeba kichocho. Simama ukitazama maji yanakoelekea, tega wavu mbele yako, kisha vuruga mawe kwa miguu ili mkondo uwasukume wadudu wavuni. Mawe mengine yaokote uyasugue kwa mkono. Pekua na majani ya ukingoni. Dakika tano zinatosha. Mwaga ulichopata kwenye beseni lenye maji kidogo na utulie. Mwanzoni utadhani ni takataka tupu, halafu takataka zinaanza kutembea.

Wengi wao hawana jina la Kiswahili linalojulikana na watu, jambo linalonikera, basi nitawaeleza kwa maumbo. Mwenye mikia miwili, mwili bapa, na vishungi vya kupumulia kwapani ndiye mdekaji kuliko wote: maji yakikosa ubaridi na oksijeni, yeye ndiye wa kwanza kutoweka. Huyo ana alama 17. Wale ambao kwa kawaida wana mikia mitatu, na mashavu yao ya kupumulia yamepangwa ubavuni mwa tumbo, wana 11 au 5 kutegemea aina. Fundi anayejijengea nyumba ya chembe za mchanga ana 9. Kaa na tunutu wa kereng'ende, 6. Konokono ana 4. Ruba, minyoo na lava wa jamii ya inzi na mbu wana 2 tu, kwa kuwa wengi wao huvumilia uchafu. Baadhi ya lava hao ni wekundu kwa sababu wana himoglobini kama sisi, na ndiyo inayowasaidia kuishi kwenye tope lenye oksijeni haba.

Hesabu ni wastani wa makundi, si wingi wa wadudu. Tuseme juu ya mashamba umepata makundi sita yenye jumla ya 54: wastani ni 9, na kwa kijito cha mawe chochote kinachozidi 7.9 ni hali ya asili. Chini ya mashamba umepata minyoo, ruba, lava wa inzi, konokono na kunguni wa maji: jumla 15, wastani 3. Chini ya 5.1, kijito kiko taabani. Ruba wawe watatu au mia tatu, alama yao haibadiliki.

Usipime siku moja baada ya mvua kubwa. Mafuriko huwazoa wadudu hata kwenye kijito kizima.

Alama mbaya haikwambii nani mkosaji. Hapo unaangalia jiwe lenyewe: likiwa limezama kwenye tope hadi nusu, udongo wa matuta ndio unaoziba nyufa ambamo wadudu hujificha. Likiwa safi lakini tupu, mimi huanza kushuku dawa. Viuadudu vingine huua wadudu wa maji kwa kiasi kidogo mno, na samaki akabaki anaogelea.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingoni. Kwenye mabonde membamba ya vinyungu, mita hizo zinameza bustani nzima, na sioni mkulima atakayezitii kwa moyo mkunjufu. Ukanda wa majani hata wa hatua chache, na mivengi badala ya milingoti inayofyonza maji, ningeanzia hapo.

Katika kijito changu cha mawe kumi na saba, tulipanda juu tukipima kila baada ya hatua mia mbili. Mara ya tatu beseni likapata uhai. Tukarudi nyuma taratibu, tukitazama ukingo. Palikuwa na jiwe pana, zuri la kukalia, na kando yake vifuniko vitatu vya chupa za dawa. Hapo ndipo watu walipokuwa wakisuuzia mabomba ya kupulizia.