Fahamu: Kwa nini mizuka ya Japani hutisha kwa fedha kidogo

Katika filamu ya Ringu (1998), mzuka Sadako anatoka kisimani kwa mwendo wa kukatikakatika. Mbinu ni rahisi: mwigizaji alitembea kinyumenyume, kisha picha ikachezwa kinyume. Ju-on ya Takashi Shimizu, iliyoingia moja kwa moja kwenye kanda za video mwaka 2000, ilitegemea nyumba ya kawaida, ngazi na mkoromo alioutoa mwongozaji mwenyewe. Kwa maoni yangu, ufinyu wa bajeti ndio uliomleta mzuka sebuleni. Watakaopinga watasema nywele ndefu na vazi jeupe ni urithi wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, tangu mchezo wa Yotsuya Kaidan wa 1825. Kweli, ila urithi huo ulitoa sura tu. Oiwa, mzuka wa mchezo huo, anamlipizia kisasi mume aliyemsaliti. Kayako, mzuka wa Ju-on, humwandama yeyote avukaye kizingiti, na hapo kila mgeni ni kisa kipya bila kujenga seti nyingine.