Kalibu Moja, Rangi Tatu

Prowl, Bluestreak na Smokescreen ni midoli mitatu ya Transformers yenye umbo moja: gari la Datsun ambalo likikunjuliwa husimama kama roboti. Prowl ni gari la polisi, jeusi na jeupe. Bluestreak ni la rangi ya fedha. Smokescreen, aliyeingia sokoni mwaka 1985, mwaka mmoja baada ya wenzake, ana nyekundu, nyeupe na buluu, pamoja na namba 38 ya gari la mashindano.

Boneti hugeuka kifua, milango hubaki mgongoni mfano wa mabawa, na sehemu ya nyuma huvutwa ikawa miguu. Ngumi ni vipande vya pembeni vya kuchomeka, na ndizo za kwanza kupotelea uvunguni mwa kitanda. Mdoli ambao bado una ngumi zake zote mbili huuzwa kwa bei nyingine kabisa.

Asili ya midoli hii ni Japani. Mwaka 1980 kampuni ya Takara ilianzisha midoli ya Diaclone, na mwaka 1982 ikaongeza magari yanayogeuka kuwa roboti. Roboti hao hawakuwa na akili wala jina la mtu. Walikuwa vyombo tu, vikiendeshwa na vijitu vidogo vyenye sumaku miguuni. Gari lililoigwa hapa ni Fairlady 280Z ya Nissan, kampuni yenye chapa ya Datsun. Kaka yake, Datsun 240Z, anajulikana Afrika Mashariki: ndiye aliyeshinda Safari Rally mwaka 1971 akiwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 akiwa na Shekhar Mehta.

Hasbro ya Marekani ilichukua midoli hiyo na kuiuza kama Transformers kuanzia 1984. Vijitu viliondolewa, roboti wakapewa uhai. Bob Budiansky wa Marvel, wachapishaji wa vitabu vya katuni, ndiye aliyebuni majina na tabia za wengi wao, na hapo ndipo rangi ilipofanya kazi kubwa: Prowl akawa mtu wa utaratibu, Bluestreak domo kaya asiyenyamaza, Smokescreen bingwa wa kuwapoteza maadui njia. Jina la Bluestreak linataja buluu, na picha za awali za matangazo zilimwonyesha hivyo, ilhali dukani alikuwa wa fedha. Wakusanyaji wanamtafuta huyo wa buluu hadi leo.

Sababu ya kurudia umbo ni gharama. Kalibu ya plastiki huchongwa kwa chuma kigumu, na hiyo ndiyo kazi ghali; kubadili rangi ya plastiki, kupaka rangi na kubandika stika ni kazi rahisi. Wafyatua tofali wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, wanaijua hesabu hiyo kwa kalibu ya mbao: moja hutoa tofali maelfu, zote sawasawa, kisha tanuri ndilo linalozitofautisha, za karibu na moto zikaiva nyekundu, za pembeni zikabaki zimepauka. Tofauti ni kwamba kiwandani rangi huchaguliwa. Mbali na rangi, Smokescreen alihitaji pia marekebisho madogo ya umbo.

Takara iliungana na kampuni ya Tomy mwaka 2006. Prowl alipotengenezwa upya na kampuni hiyo ya pamoja mwaka 2013 katika toleo la Masterpiece, lililolenga zaidi watu wazima, kalibu ilikuwa mpya na ngumi hazikuchomolewa tena. Bluestreak na Smokescreen wakamfuata, kutoka kalibu ileile.