Mbwa ananuka mdomo: pesa iende wapi kwanza?

Kunuka mdomo si tabia ya mbwa. Tumezoea kusema ndivyo walivyo, na mbwa wa ulinzi anayelala bandani hakuna anayemsogelea usoni mpaka harufu ianze kumfuata mtu getini. Hapo fizi huwa zimeshaharibika siku nyingi, na pengine mnyama amekuwa akitafunia upande mmoja bila mwenye nyumba kugundua.

Chanzo kikubwa ni uchafu wa meno. Mate na bakteria hutandaza utando laini juu ya jino. Wale bakteria walioshuka chini ya ufizi huvunja protini na kutoa gesi za salfa, na harufu unayoisikia ndiyo hiyo. Utando usiposuguliwa huanza kugandamana na madini ya mate ndani ya siku mbili au tatu, ukawa ukoga mgumu wa njano au kahawia, hasa kwenye magego ya juu. Mate ya mbwa yana alkali zaidi kuliko yetu, kwa hiyo meno yake hayatoboki ovyo, ila ukoga hujengeka upesi. Kwa mwenye kupanga matumizi, hesabu yote inaanzia kwenye siku hizo mbili tatu. Kitu cha kutumia mara moja kwa wiki, hata kiwe cha bei gani, kinakuta kazi imeshaharibika.

Ndiyo maana mimi naweka mswaki mbele ya vyote. Mswaki laini wa mtoto unapatikana duka la mtaani kwa shilingi 1,000 au 2,000 za Tanzania, nao unafaa mbwa wengi. Dawa ya meno ya mbwa yenye vimeng'enya huagizwa kutoka nje na inaweza kufika makumi ya maelfu, ingawa tyubu moja hukaa miezi kwa sababu kinachohitajika ni tone la ukubwa wa punje ya choroko. Faida yake kubwa ni ladha ya nyama, inayomfanya mbwa akubali. Kama mfuko hauruhusu, chovya mswaki kwenye maji matupu, au kwenye mchuzi wa nyama usio na chumvi wala kitunguu, kwa kuwa kinachong'oa utando ni ule msuguano wenyewe. Anza na kitambaa ulichozungushia kidole, siku chache tu za kumzoesha, kisha uingie mswaki. Sugua upande wa nje wa meno, pale jino linapokutana na ufizi. Ulimi wake unasaidia upande wa ndani. Kila siku ni bora, na siku moja ukiruka si mbaya. Mtoto wa mbwa atazoea haraka kuliko mzee aliyekwisha kuumwa fizi, na huyo wa pili usimsugue kabisa kabla hajaonwa na daktari: utamuumiza na atakuchukia wewe na mswaki wako.

Dawa ya meno ya watu iache kwenye beseni lako. Mbwa hatemi, anameza, na floridi ikizidi tumboni humdhuru. Baadhi ya dawa hizo, pamoja na bigijii zisizo na sukari, zina zailitoli, ambayo hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na inaweza kuua ini lake. Soma lebo.

Sasa tiba za jikoni, ambazo watu huzipenda kwa sababu hazigharimu kitu. Kotmiri na mnanaa hubadilisha harufu kwa saa chache, basi. Mafuta ya nazi mbwa huyalamba kwa furaha, lakini sioni sababu ya kuyategemea: hayavunji ukoga, na yakizidi yanamharisha. Limau linaunguza fizi zenye vidonda na asidi yake hula jino. Mkaa uliosagwa unakwaruza. Mafuta ya karafuu ni makali kwa fizi, na kitunguu saumu, ambacho wengi hukisifu kwa kila ugonjwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kati ya hizi zote ningeruhusu kotmiri kidogo, nikijua wazi kwamba nimenunua manukato tu.

Mfupa unastahili kujadiliwa peke yake, maana ndiyo dawa ya meno ya mbwa inayotumika zaidi mitaani kwetu, nao hutoka buchani bure au kwa bei ya kutupa. Ni kweli kwamba kuguguna hukwangua ukoga. Lakini mfupa mgumu wa ng'ombe hupasua lile gego kubwa la juu ambalo mbwa hulitumia kukatia, na jino likipasuka mpaka kwenye kiini ni kung'olewa au kuzibwa mzizi, yaani bili kubwa kuliko kila kitu ulichoepuka kununua. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, huvunjika vipande vyenye ncha. Wakati mwingine kipande hukwama katikati ya kaakaa, kikaoza hapo, na harufu unayoitafutia dawa ikatoka kwenye mfupa uliompa wewe mwenyewe. Kipimo rahisi: bonyeza kitu unachompa atafune kwa ukucha wa kidole gumba. Kisipobonyea hata kidogo, ni kigumu mno kwa meno yake. Kwato na pembe hushindwa mtihani huo pia.

Vijiti vya kutafuna vinavyouzwa kwenye supamaketi na maduka ya vifaa vya mifugo vinasaidia kiasi, mradi apewe kila siku. Hapo ndipo bei inapodanganya. Tuseme paketi ya vijiti saba ni shilingi 20,000. Kwa kijiti kimoja kwa siku unakaribia 86,000 kwa mwezi, na mbwa ananenepa juu yake. Ukinunua, tafuta nembo ya VOHC, baraza la Marekani lililoanzishwa mwaka 1997 kukagua ushahidi wa bidhaa zinazodai kupunguza utando na ukoga. Dawa za kuchanganya kwenye maji ya kunywa ningeziweka mwisho kabisa. Vilevile usishawishiwe kwamba chakula kikavu cha kawaida kinasafisha meno: punje hupasuka kabla jino halijazama ndani yake. Vyakula vilivyotengenezwa mahususi kwa meno vipo, na bei yake ni ya juu.

Kuna harufu zisizotibika kwa mswaki. Pumzi yenye harufu ya mkojo au amonia inaweza kuwa figo. Harufu tamu kama tunda lililoiva mno, kwa mbwa anayekunywa maji sana na kukonda, inaweza kuwa kisukari kilichopita kiasi, na hiyo ni dharura. Uvimbe mdomoni, damu, au mate yanayochuruzika upande mmoja, nenda kliniki. Lakini pia muulize kijana anayemlisha: mbwa anayekula dagaa na mapupu, au anayezoa kinyesi jalalani, atanuka hata akiwa na meno meupe.

Ukoga ulioshika hauondoki nyumbani. Kuukwangua kwa kisu au kifaa cha kuagiza mtandaoni kunang'arisha sehemu inayoonekana na kuacha ugonjwa chini ya ufizi ukiendelea. Usafishaji wa kweli hufanywa kwa nusukaputi, na ndiyo maana hugharimu laki kadhaa, zaidi meno yakihitaji kung'olewa. Anayekuahidi kusafisha mbwa akiwa macho kwa bei ya nusu anakuuzia nusu ya kazi. Walio karibu na hospitali za wanyama za vyuo, kama ya SUA Morogoro au ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, waulizie huko pia kabla ya kuamua.

Unapopewa bei, uliza imejumuisha nini: kipimo cha damu kabla ya usingizi, kusafisha chini ya ufizi, eksirei kama ipo, kung'oa, dawa za maumivu, na kulainisha jino baada ya kukwangua, kwa sababu jino lililoachwa na mikwaruzo hushika utando mpya haraka. Halafu uliza ni siku ngapi usubiri fizi zipone kabla ya kurudi na mswaki.